Sauti Inayorudi

Majira ya baridi ya mwaka 1941, Jumatatu jioni iligeuka kuwa siku ya wageni katika nyumba nyingi za wakulima wa Kanada. Mashamba ya huko ni mapana na nyumba zimetengana. Theluji ikishashuka, familia inaweza kukaa siku nyingi bila kuona uso mwingine. Lakini Jumatatu watu walivaa mabuti, wakaikanyaga theluji hadi kwa jirani, wakaketi kuizunguka redio. Siku chache kabla walikuwa wamepokea kwa posta kijitabu chembamba chenye mada ya jioni ile: bei za mazao, mikopo, shule za vijijini, afya. Kipindi kilikwenda nusu saa. Kilipokwisha, redio ilizimwa na mjadala ukaanza.

Mpango huo ulikuwa baraza la wakulima la redioni, ukiendeshwa kwa pamoja na shirika la utangazaji la taifa, CBC, shirikisho la wakulima na chama cha elimu ya watu wazima. Kaulimbiu yake ilikuwa vitenzi vinne: soma, sikiliza, jadili, tenda. Kufikia mwisho wa miaka ya 1940 kulikuwa na vikundi vipatavyo 1,600 nchi nzima.

Kinachonivuta katika habari hii ni jambo dogo ambalo wasimulizi wengi hulipita. Kila kikundi kilikuwa na katibu. Mjadala ukiisha, katibu aliandika waliyokubaliana na waliyobishania, akatia karatasi katika bahasha, akaipeleka ofisi ya jimbo. Baadaye muhtasari wa majibu hayo ulisomwa hewani. Mkulima wa mashambani aliyetoa hoja jikoni kwa jirani yake aliweza kuisikia ikitajwa redioni, na akasikia pia kwamba watu wa upande wa pili wa nchi, ambao pengine hatawaona maisha yake yote, wamebishana juu ya jambo lilelile wakafika kwingine. Sauti iliyotoka imerudi, tena imerudi na wenzake. Naamini hapo ndipo wasikilizaji walipogeuka kuwa darasa.

Nimeanzia huku kwa sababu swali la jinsi ya kuwafanya watu wanaosoma mtandaoni wajione wamoja huzungumzwa siku hizi kana kwamba lilizaliwa na intaneti. Ni swali la zamani kuliko kompyuta. Mwingereza Isaac Pitman alikuwa akifundisha hati mkato kwa posta tangu mwaka 1840, akipokea kazi za wanafunzi wake, akizisahihisha na kuzirudisha. Wengi walioelimika kwa njia ya posta baada yake, Ulaya na hata Afrika, walisoma hivyo hivyo: usiku, peke yao, mbele ya taa. Mwanafunzi alikuwa na mwalimu. Wenzake hakuwajua, na wengi walikata tamaa katikati ya safari bila mtu yeyote kugundua kwamba hawapo.

Baraza la Kanada lilivutia macho ya UNESCO, na mwaka 1956 likajaribiwa India, katika wilaya tano zinazosema Kimarathi kuzunguka Poona. Vijiji 150 viliunda vikundi vya kusikiliza, mara mbili kwa wiki kwa wiki kumi. Aliyepewa kazi ya kupima matokeo alikuwa Paul Neurath, mwanasosholojia mzaliwa wa Austria aliyenusurika katika kambi za mateso za Dachau na Buchenwald. Neurath hakutosheka kulinganisha kijiji chenye redio na kisicho nayo. Aliongeza aina ya tatu: vijiji vyenye redio lakini visivyo na kikundi. Matokeo yalikuwa bayana. Mahali palipokuwa na kikundi, maarifa ya watu yalipanda sana. Palipokuwa na redio tupu, yalipanda kidogo mno ukilinganisha. Matangazo yalikuwa yaleyale, masikio yaleyale. Tofauti ilikuwa watu kuketi pamoja na kujibizana.

Wakati huo, upande wetu wa bahari, Tanganyika ilikuwa bado chini ya Waingereza. Zaidi ya miaka kumi baadaye, ikiwa sasa Tanzania, ndiyo nchi iliyolichukua wazo hili na kulipeleka mbali kuliko Kanada na India.

Sensa ya mwaka 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba takribani theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania hawakujua kusoma wala kuandika. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa mwaka huohuo, na Mwalimu Nyerere alishikilia kwamba nchi haiwezi kungoja watoto wakue. Wazazi wao ndio walioshika jembe. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kisomo kikaenea: katika madarasa ya shule za msingi baada ya watoto kutoka, chini ya miti, kwenye ofisi za chama tawala.

Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ya Dar es Salaam ilikuwa imeanza kujaribu redio. Majina ya kampeni zake yanasikika hadi leo kama methali: Kupanga ni Kuchagua mwaka 1969, juu ya mpango wa pili wa maendeleo, Uchaguzi ni Wako mwaka 1970, Wakati wa Furaha mwaka 1971, kuadhimisha miaka kumi ya uhuru. Hizi zilikuwa kampeni ndogo. Wakati wa Furaha, iliyokuwa kubwa kuzidi mbili za kwanza, ilikusanya watu kama 20,000. Lakini ndani yake watu wa Taasisi walijifunza kazi: namna ya kuandika kitabu ambacho mtu aliyejua kusoma juzi ataweza kukifuata, namna ya kupatanisha sura ya kitabu na kipindi cha redio, na namna ya kumwandaa mtu wa kuongoza mazungumzo. Jambo la tatu ndilo lililokuwa gumu.

Kisha ikaja Mtu ni Afya, mwaka 1973.

Shabaha ilikuwa magonjwa yaliyokuwa yakiwaua watu na ambayo mengi yake yangeweza kuzuiwa nyumbani: malaria, safura, kichocho, kuhara damu, kifua kikuu. Muda ulikuwa wiki kumi na mbili. Sweden, nchi yenye mazoea ya siku nyingi ya vikundi vya masomo, ilisaidia fedha. Kabla ya kipindi cha kwanza kusikika Radio Tanzania, viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walikuwa wamepitia mafunzo, ngazi kwa ngazi, kutoka taifa hadi wilaya hadi kata. Waliohudhuria wakafikia milioni mbili, katika nchi ya watu wasiozidi milioni kumi na tano. Ukigawa, ni kama watu 27 kwa kiongozi mmoja. Darasa la kawaida kabisa. Ila yalikuwa maelfu kwa maelfu, yakifanya somo moja katika wiki moja.

Sasa tumtazame kiongozi huyo, kwa maana yeye ndiye mhimili wa habari hii. Mara nyingi alikuwa mtu wa palepale kijijini: mwalimu wa shule ya msingi, mtumishi wa zahanati, mkulima aliyejua kusoma, kiongozi wa chama. Alichofundishwa zaidi katika semina ni kutofundisha. Hakutakiwa kuhutubia. Kazi yake ilikuwa kuwakusanya watu, kuwasha redio, kusoma sura au kumpa mwingine aisome kwa sauti, kisha kuuliza. Ugonjwa huu upo kwetu? Unaingiaje majumbani? Sisi hapa tufanye nini? Anayejua namna kijiji kinavyomsikiliza mtu aliyesoma ataelewa ugumu wa agizo hilo. Mwalimu amezoea kusimama. Sasa aketi kwenye duara na wengine. Mzee amezoea kusalimiwa na kupishwa aseme. Sasa asikilize mama mwenye mtoto mgongoni akieleza kwamba kisima wanachochota kiko chini ya mteremko wa vyoo.

Swali la mwisho, tufanye nini, ndilo lililokifunga kikundi. Mtu akishasema mbele ya wenzake kwamba Jumamosi atafyeka majani na kufukia dimbwi nyuma ya nyumba yake, Jumapili wenzake watapita hapo. Kila wiki ilikuwa na neno la kutimiza, na kila mkutano ulianza kwa kuulizana lilivyokwenda. Tathmini za baadaye zilikadiria kwamba vyoo vilivyochimbwa katika kampeni ile vilifikia mamia ya maelfu. Redio haiwezi kuchimba choo. Hata kitabu kizuri kiasi gani hakiwezi.

Sitaki kuipamba historia hii kuliko ilivyokuwa. Kulikuwa na sehemu ambazo vitabu vilichelewa na sehemu ambazo mawimbi ya redio hayakushika vizuri. Nchi ilikuwa ya chama kimoja, na si kila aliyeketi chini ya mwembe aliketi kwa kupenda. Kampeni iliyofuata, Chakula ni Uhai ya mwaka 1975, nayo iliwakusanya watu wengi sana, lakini ilifanyika wakati wa operesheni ya kuhamia vijijini, ambapo watu wengi walihamishwa kwa nguvu. Kikundi cha kujadiliana kwa uhuru na amri ya kuvunja nyumba yako havikai vizuri katika msimu mmoja. Misitu ni Mali ikafuata mwaka 1980, na uchumi ulipoporomoka, kampeni kubwa za aina hii zikafifia. Lakini zile wiki kumi na mbili za mwaka 1973 zilikuwepo. Watu milioni mbili walisoma kwa masafa na hakuna aliyesoma peke yake.

Mwaka huohuo wa 1973, katika mji wa Urbana, jimbo la Illinois nchini Marekani, kulikuwa na darasa jingine la masafa, na hili lilikuwa la kompyuta.

Mtambo wake uliitwa PLATO. Mhandisi wa umeme Donald Bitzer aliuanzisha mwaka 1960 katika Chuo Kikuu cha Illinois, akitaka kompyuta imfundishe kila mwanafunzi kwa mwendo wake. Wazo lilikuwa la mtu mmoja na mashine moja: mashine inaeleza, inauliza, mwanafunzi anajibu, inamsahihisha. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1970 mtambo ulikuwa na skrini bapa za plazma zilizobuniwa hapohapo Urbana, zenye kung'aa rangi ya machungwa, na mwanafunzi aliweza hata kuigusa skrini kwa kidole akachagua jibu. Baadaye vituo viliongezeka hadi takribani 1,000, katika vyuo na shule mbalimbali, vyote vimeunganishwa na kompyuta moja kubwa.

Hakuna aliyepanga kwamba watumiaji wa mtambo huo wazungumze wao kwa wao. Ulikusudiwa kufundisha hesabu, kemia, lugha. Lakini kulikuwa na tatizo la kawaida la kazi: masomo yalikuwa na kasoro, na waliozigundua walihitaji mahali pa kuziripoti. Kulikuwa na faili la wazi ambamo kila mtu aliandika. Ila kila mtu aliweza pia kufuta alichoandika mwingine, au kusaini kwa jina lisilo lake. Kijana wa miaka 17, David Woolley, akapewa kazi ya kutengeneza kitu bora. Alichotoa Agosti 1973 kiliitwa Notes. Kila ujumbe ulibeba jina la mwandishi na saa yake, na chini yake wengine waliweza kuweka majibu, hadi 63, yakipangana moja baada ya jingine. Watu walikuja kuripoti kasoro wakabaki kuongea. Kufikia mwaka 1976 ilibidi paundwe makundi ya mada mbalimbali, na kuanzia hapo kukawa na majukwaa ya kila namna, ya vitabu, muziki, sayansi, dini. Miaka kadhaa baadaye, takribani theluthi moja ya muda wote ambao watu walikaa kwenye PLATO ilikuwa ndani ya Notes.

Kitu cha pili kilizaliwa mwaka huohuo, na mimi nakipenda zaidi. Doug Brown alitengeneza programu iliyoitwa Talkomatic. Skrini iligawanywa mistari kwa mistari, watu hadi watano wakaweza kuzungumza kwa maandishi kwa wakati mmoja, kila mmoja katika sehemu yake. Herufi zilitokea jinsi zilivyobonyezwa, moja moja. Mwenzako akikosea, uliona kosa. Akifuta, uliona akifuta. Akisita katikati ya neno, ulimwona akisita. Yuko mji mwingine, humjui kwa sura, lakini unajua sasa hivi kidole chake kiko juu ya herufi na hajaamua.

PLATO ilikuwa pia na njia ya mwanafunzi aliyekwama kumwita msaidizi, na msaidizi huyo, akiruhusiwa, aliona kwenye skrini yake kilekile alichokiona mwanafunzi. Fikiria maana yake kwa mtu anayehangaika na hesabu usiku. Ile mashine iliyotengenezwa ili mtu asome peke yake ikageuzwa na watumiaji wake kuwa uwanja wa watu.

Nimezikalia habari hizi mbili muda mrefu, ya vijiji vya Tanzania na ya Urbana, nikishangaa kwamba mwaka ni mmoja. Pale Taasisi walianza na kikundi, redio wakaiweka katikati yake kama mtu anavyoweka taa. Urbana walianza na mashine, na watu wakapenya wenyewe kupitia ufa wa kuripoti kasoro. Njia ni mbili, walipofika ni pamoja: mahali ambapo ukisema neno linajibiwa, na anayejibu ana jina.

Watu wa Urbana walitawanyika na mbegu yao. Ray Ozzie, aliyesoma Illinois akaizoea Notes, alikuja kuongoza utengenezaji wa Lotus Notes, programu iliyouzwa kuanzia mwaka 1989 na kutumiwa katika maofisi ya dunia nzima. Huko New Jersey, mwanasosholojia Starr Roxanne Hiltz alifundisha kozi nzima kupitia kompyuta katika miaka ya 1980, akitumia jina la darasa pepe, na akasisitiza kwamba nguvu ya njia hiyo iko katika wanafunzi kufanya kazi pamoja, na katika mwalimu anayejibu upesi. Katika darasa la chumbani kimya cha mwalimu husomeka usoni. Mtandaoni kimya hakina uso.

Chuo huria cha Uingereza, Open University, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1971, kililijua jambo hili bila kompyuta: mbali na vitabu na vipindi vya televisheni, kiliwapa wanafunzi wakufunzi wa karibu na shule za kiangazi ambako watu waliosoma mwaka mzima kwa posta walionana. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 chini ya Profesa Geoffrey Mmari kama Makamu Mkuu wa kwanza, kilifanya vivyo hivyo kwa vituo vya mikoa. Humo mwalimu wa sekondari, karani na askari walikutana na mtu mwingine anayesoma kitabu kilekile. Wengi wao wangekwambia kwamba kitabu walikipata kwa chuo, na mtihani walivuka kwa kikundi walichojiundia.

Mwaka 2011 walimu wawili wa kozi ya akili bandia ya Chuo Kikuu cha Stanford, Sebastian Thrun na Peter Norvig, waliifungua bure mtandaoni. Walijiandikisha watu wapatao 160,000 kutoka karibu kila nchi, na dunia ikastaajabia ukubwa wa darasa lile. Waliomaliza walikuwa kama 23,000. Sisemi hayo kuwashusha. Kazi waliyofanya ilifungua mlango. Lakini nikisoma hesabu hizo namkumbuka yule kiongozi wa kikundi mwenye watu wake 27, anayejua leo nani hakuja na nyumba yake iko wapi.

Kisha ikaja Machi 2020, na korona. Tanzania ilifunga shule tarehe 17. Kenya ilikuwa imetangaza kufunga siku mbili kabla. Nchini Kenya masomo yakapelekwa redioni na kwenye televisheni, na kwingineko Afrika redio ikarudi kazini. Ila safari hii ilirudi bila duara lake. Kukusanyika, jambo lililoipa redio nguvu Poona na Mtu ni Afya, ndilo lililokatazwa. Mtoto alisikiliza peke yake, au na wadogo zake, kipindi kikaisha, na hapakuwa na wa kumwuliza.

Waliokuwa na simu wakafungua vikundi vya WhatsApp. Vingine walimu walivianzisha. Vingi wanafunzi walijitengenezea. Nilikuwa katika kimoja mwaka ule, cha watu wazima tuliokuwa tukisoma kozi fupi. Mihadhara ilikuja kama mafaili. Kamera zilizimwa ili kuokoa bando. Kwa wiki mbili za kwanza sikumjua mtu hata mmoja, majina tu yamepangwa kwenye orodha.

Usiku mmoja, saa nne imepita, mtu aliandika: jamani, swali la tatu mmelielewa? Hakuna aliyejibu. Tulikuwa watu arobaini na wawili na wengi wetu tulikuwa tumelisoma lile swali, tukasita kila mmoja kwake. Kisha juu ya skrini likatokea neno "anaandika". Likapotea. Likatokea tena, likakaa kidogo, likapotea. Mahali fulani, katika mji nisioujua, mtu alikuwa anafuta na kuanza upya. Halafu badala ya maandishi ikaingia sauti, ya dada mmoja, dakika mbili na sekunde kadhaa, redio ya jirani ikisikika kwa mbali nyuma yake. Alianza kwa kusema kwamba hata yeye hana uhakika.